Omeprazoli miaka miwili, na tumbo bado lawaka

SWALI

Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni bawabu wa usiku katika jengo moja Upper Hill, nina miaka 43 na naishi Kayole. Naingia zamu saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Ni mwaka wa pili sasa nasumbuliwa na moto kwenye chembe cha moyo, na nikilala maji machachu hupanda hadi kooni. Mtaani kila mtu ananiambia ni alsa.

Nameza omeprazoli ya miligramu 20 nikisikia moto umeanza, mara nyingi saa nane usiku nikishakula. Kuna wiki nameza kila siku, kuna wiki nameza mara mbili tu. Isiponishika naongeza Eno, paketi mbili au tatu kwa usiku mmoja. Mgongo nao unaniuma kwa kusimama, kwa hivyo tangu mwaka jana natumia diklofenaki ya 50, asubuhi na jioni. Kwenye kemisti nimepimwa H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, mara tatu kwa tone la damu la kidoleni, na mara zote nimeambiwa ninayo. Dozi ya wiki mbili nimeimaliza mara mbili. Presha walipata 148/94.

Mwezi jana choo kilitoka cheusi siku tatu, nikadhani ni managu. Kisha mwenzangu wa zamu akanionyesha kwenye simu kwamba omeprazoli huharibu figo na mifupa, nikaiacha. Siku ya tano moto ulirudi mkali kuliko wa kwanza, nikairudia. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, naye kiungulia kimemshika na ameanza kuchukua kapsuli zangu. Niache au niendelee? Na yeye afanyeje?

Bawabu, Upper Hill

JIBU

Ndugu Bawabu,

Umeeleza mengi, na lililo zito kuliko yote umelitaja kama la kupita njia: choo cheusi siku tatu. Tuanze hapo.

Managu, terere na sukuma hugeuza choo kuwa kijani kilichokolea, pengine karibu na nyeusi, lakini choo hicho huwa cha kawaida kwa kila kitu kingine. Damu iliyovuja tumboni na kusagwa njiani ni kitu tofauti. Choo huwa cheusi tititi, kinang'aa kama lami mbichi, kinanata kwenye sinki hata ukimwaga maji, na harufu yake ni kali isiyofanana na ya siku zote. Vidonge vya madini ya chuma na dawa zenye bismathi pia hufanya choo kiwe cheusi, ila wewe hukutaja hata kimoja. Mtu anayemeza diklofenaki mara mbili kwa siku mwaka mzima, kisha akaona choo cheusi siku tatu, ahesabiwe kuwa na kidonda kilichovuja damu mpaka vipimo viseme vingine.

Kwa hivyo nenda hospitali wiki hii, na isiwe kemisti. Waeleze habari ya choo kabla ya kuwaeleza habari ya kiungulia, maana ukianza na kiungulia utaandikiwa kapsuli nyingine na kurudishwa nyumbani. Omba kipimo cha kiwango cha damu, yaani hemoglobini, na uulize kuhusu kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Choo kikirudi kuwa cheusi, au ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au ukiinuka kitini ukaona kizunguzungu na jasho baridi, usingoje zamu iishe. Nenda usiku huo huo katika hospitali kubwa yenye damu ya kuongezea mgonjwa, kama Mama Lucy Kibaki kwa upande wenu au Kenyatta iliyo karibu na kazini kwako.

Diklofenaki iache leo. Usipunguze kidogo kidogo, iache. Tumbo hujilinda dhidi ya asidi yake lenyewe kwa utando wa ute, na utando huo hutengenezwa kwa msaada wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Mgongo unapopata nafuu, ukuta wa tumbo unabaki wazi. Ndiyo maana wanaosema "basi nidungwe sindano ili tumbo lisiumie" wanajidanganya: dawa ikishaingia kwenye damu hulifikia tumbo vilevile, iwe ilipitia mdomoni au kwenye paja. Kumeza na chakula hupunguza kichefuchefu, lakini hakuzuii kidonda. Isitoshe, diklofenaki hupandisha presha na kuzibana figo. Ukisoma kwenye simu habari za dawa zinazoumiza figo, ya kwako ya kuiogopa kwanza ndiyo hii.

Badala yake tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane katika saa 24. Kama unakunywa pombe sana au una ugonjwa wa ini, usifike vinane kabla ya kumuuliza daktari. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, na vile vidonge vya kichwa vya dukani vinavyouzwa viwili viwili, vingi vina aspirini. Geuza karatasi usome kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kwa mgongo wenyewe, diklofenaki ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, lakini hata hiyo isubiri uonwe kwanza.

Omeprazoli, kwa upande wake, usiiache sasa. Najua swali lako lilikuwa hilo. Kidonda kinachoshukiwa kuvuja hakiondolewi kinga yake kabla hakijaangaliwa. Ulichokosea ni saa ya kuimeza, na hapo ndipo miaka miwili imepotea.

Kapsuli hii haifanyi kazi kama maji yanayomwagwa juu ya moto. Ndani yake mna punje ndogo zilizovikwa ganda lisiloyeyuka kwenye asidi. Hupita tumboni zikiwa nzima, huyeyuka kwenye utumbo mwembamba, dawa huingia kwenye damu, kisha damu huirudisha kwenye seli za tumbo zinazotengeneza asidi, tuseme kwa mlango wa nyuma. Kwenye seli hizo kuna pampu ndogo ndogo zinazosukuma asidi nje. Omeprazoli huzinasa zile zinazofanya kazi wakati huo tu, na zilizolala huziacha. Kinachoziamsha ni chakula, hasa chakula cha kwanza baada ya tumbo kukaa tupu saa nyingi. Dawa yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya saa chache. Kwa hiyo inatakiwa ifike kabla ya pampu kuamka, yaani nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Ukiimeza saa nane usiku ukiwa umeshiba, pampu zimekwisha kufanya kazi yake na dawa bado iko njiani.

Na hata ukiimeza kwa wakati, kapsuli ya kwanza haimalizi kazi. Kila dozi hunasa sehemu ya pampu, kesho yake hunasa nyingine, na nguvu kamili huonekana baada ya siku tatu hadi tano za kumeza bila kuruka. Mtindo wako wa kuimeza moto ukiwaka na kuisahau ukizima hauwezi kukupa faida yake yote.

Karatasi ya dawa husema "asubuhi kabla ya kiamshakinywa", lakini wewe asubuhi yako iko mchana. Ukifika nyumbani saa moja na nusu na kulala saa mbili, unaamka kama saa nane mchana. Basi weka kapsuli kando ya kitanda na uimeze na glasi ya maji mara tu uamkapo. Oga, jitayarishe, kisha saa nane na nusu au saa tisa kula chakula chako kizito, iwe ugali, githeri au wali. Kapsuli moja ya 20 kwa siku, saa hiyo hiyo, hata siku ya mapumziko, hadi daktari atakayekuona abadilishe. Akikuta kidonda huenda akaongeza dozi; kidonda cha tumbo kwa kawaida hupewa wiki nane, cha mwanzo wa utumbo mwembamba wiki nne.

Usiitafune kapsuli wala kuzisaga punje zake, kwa sababu ganda likivunjika asidi inaila dawa kabla haijafika popote. Anayeshindwa kumeza anaweza kuifungua na kunyunyiza punje kwenye kijiko cha mtindi, akazimeza papo hapo bila kutafuna. Unyevu na joto pia huiharibu. Kama hununui pakiti nzima bali unapimiwa kumi kwenye bahasha ya kaki, kisha bahasha inakaa kwenye mfuko wa koti la kazi usiku kucha, jaribu hivi: fungua kapsuli moja juu ya karatasi nyeupe. Punje ziwe nyeupe au karibu na nyeupe. Zikiwa za kahawia au za zambarau, dawa imeoza na unameza sukari. Nunua iliyo kwenye karatasi zake za alumini zenye tarehe, au kwenye chupa yenye kile kifuko cha kunyonya unyevu, na kifuko hicho kisitupwe.

Sasa Eno. Paketi ya gramu 5 ni magadi ya kupikia pamoja na asidi ya ndimu na kabonati ya sodiamu. Hupunguza asidi kwa dakika chache, gesi inapanuka, unacheua, unaona nafuu. Lakini paketi hiyo moja inabeba sodiamu karibu miligramu 850, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi miligramu 2,000 kwa siku, chakula chote pamoja. Paketi zako tatu zinapita hapo kabla hujagusa mboga. Presha ya 148/94 kwa mtu wa diklofenaki na magadi kila usiku hainishangazi. Irudie kupimwa wiki chache baada ya kuacha vyote viwili kabla hujaamini kuwa ni presha ya kudumu. Gesi ile pia hulitanua tumbo na kusukuma maji machachu juu, kwa hiyo kwa mtu mwenye kiungulia cha kulala, Eno huzima huku ikiwasha.

Ukihitaji kitu cha haraka, chukua dawa ya maji ya kupunguza asidi yenye magnesiamu na aluminiamu, au ile yenye aljineti ambayo huelea juu ya chakula kama kifuniko. Tikisa chupa vizuri, kwa sababu dawa yenyewe hutuama chini na wengi hunywa maji ya juu tu. Mililita 10, ndiyo vijiko viwili vya chai, saa moja baada ya kula na kabla ya kulala. Ikinywewa tumbo likiwa tupu hupita kwa nusu saa hadi saa moja. Baada ya chakula inaweza kudumu saa tatu. Magnesiamu ikizidi huharisha, aluminiamu ikizidi hufunga choo, ndiyo maana huchanganywa. Mwenye figo dhaifu asizitumie bila daktari.

Kuhusu H. pylori, kipimo cha tone la damu ndicho kimekupotosha. Kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hiyo hubaki kwenye damu miezi au miaka baada ya bakteria kufa. Ukipona leo, kitaendelea kusema unayo. Kuna watu jijini wanaomeza antibayotiki mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya kijistari kimoja kwenye kikadi cha plastiki. Kinachofaa ni kipimo cha kinyesi kinachotafuta bakteria wenyewe, au kipimo cha pumzi, au kipande kidogo cha nyama kinachochukuliwa wakati wa kamera. Tatizo ni kwamba omeprazoli huwaficha bakteria hao. Vipimo hivi vinataka omeprazoli iwe imeachwa wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo huenda ukaambiwa huna ilhali unayo. Kwako wewe, ambaye hatutaki uache dawa sasa, mweleze mwenye kamera kwamba unaitumia, na kama hakupata bakteria, kipimo kirudiwe baadaye ukiwa umeruhusiwa kuiacha.

Ikithibitishwa ipo, dozi huwa ya siku 14: omeprazoli mara mbili kwa siku kabla ya chakula, pamoja na amoksisilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, asubuhi na jioni. Asiyepatana na penisilini hupewa metronidazoli mahali pa amoksisilini, na hapo pombe hairuhusiwi kabisa. Mdomo utakuwa mchungu kama umelamba sarafu na tumbo linaweza kuharisha kidogo. Wengi huacha siku ya tano kwa sababu hiyo, na bakteria waliobaki hujifunza kuistahimili dawa. Mwonyeshe daktari majina ya dawa ulizomaliza zile mara mbili. Kama klarithromaisini ilikuwamo, isirudiwe. Kisha baada ya dozi kuisha, subiri wiki nne na upimwe tena kwa kinyesi au pumzi, si kwa kidole.

Yale ya mwenzako kuhusu figo na mifupa si uongo mtupu, ila yamekuzwa. Omeprazoli iliingia sokoni Ulaya mwaka 1988, na mamilioni ya watu wameimeza tangu hapo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ya kuvunjika mifupa mwaka 2010, hasa kwa wanaomeza dozi kubwa au mwaka mzima na zaidi, na mwaka 2011 ikaongeza ya upungufu wa magnesiamu mwilini, unaoonekana kwa kukakamaa misuli na moyo kwenda mbio. Ukiimeza miaka miwili au zaidi, vitamini B12 inaweza kushuka kwa sababu asidi ndiyo huiachilia kutoka kwenye nyama na mayai. Figo huweza kuvimba kwa mzio, jambo la nadra, na dalili ni mkojo kupungua, homa na vipele. La karibu zaidi na maisha yetu ni kwamba asidi ya tumbo ni mlinzi wa mlango: vijidudu vya kuhara, hata vya kipindupindu, vingi hufia humo. Anayeipunguza asidi asinywe maji ya mkokoteni bila kuyachemsha au kuyatia dawa.

Hayo yote ni ya kuogopwa na mtu anayeimeza bila sababu. Aliyewahi kutokwa damu na bado analazimika kumeza aspirini ya moyo, au ambaye umio wake umechubuka vibaya, faida kwake huzidi hasara, na asiiache kwa habari za simu.

Ule moto wa siku ya tano nao una maelezo yake. Asidi ikizuiwa kwa wiki kadhaa, mwili huongeza homoni ya gastrini ili kulazimisha tumbo lifanye kazi, na seli za asidi huongezeka. Ukiacha dawa ghafla, seli hizo zote zinaachiliwa kwa pamoja. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu 120 wasio na ugonjwa wowote wa tumbo. Nusu yao walipewa dawa ya jamii hii wiki nane kisha ikaondolewa kimyakimya. Katika wiki zilizofuata, asilimia 44 ya hao walipata kiungulia na dalili nyingine za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao waliomeza kidonge kitupu muda wote. Dawa iliwapa wazima dalili za ugonjwa ambao hawakuwa nao. Kwa hivyo moto wa siku ya tano haukuwa ushahidi kwamba huwezi kuishi bila kapsuli.

Daktari akisema kidonda kimepona, shuka hivi: kapsuli moja siku moja na kuruka moja kwa wiki mbili, halafu moja kila siku ya tatu kwa wiki mbili nyingine, kisha basi. Siku za kuruka tumia ile dawa ya maji. Tarajia moto wa wiki mbili hadi nne unaopungua. Kapsuli usiigawe nusu. Ikiwa miezi miwili imepita na moto ni ule ule, rudi uonwe upya.

Kuna na kitanda. Maji machachu yanakupanda, nadhani, kwa sababu unafika nyumbani, unakula chai ya maziwa na chapati mbili, na nusu saa baadaye umelala chali. Sogeza mlo wa usiku uwe saa tisa au saa kumi alfajiri ukiwa bado wima kazini, na asubuhi kunywa uji kidogo tu. Inua mchago wa kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka tofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu miwili ya upande wa kichwa. Mito miwili haisaidii. Inakukunja tumboni na kukamua asidi juu. Lala ubavu wa kushoto. Maziwa baridi hutuliza kwa dakika ishirini, halafu protini na kalsiamu yake huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Maharagwe hayasababishi vidonda, ingawa kama yanakujaza gesi una haki ya kuyapunguza.

Nisiondoke hapa bila kusema neno kuhusu kumeza. Ukiona ugali unakwama kifuani na unauteremsha kwa maji, au unakonda bila kutaka, hiyo si kazi ya kapsuli. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi, na dawa ya asidi inaweza kutuliza dalili huku ugonjwa ukisonga mbele. Na moto wa kifuani unaoenda begani, mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho, uchukuliwe kuwa moyo hadi ithibitishwe vingine.

Kwa wasomaji wengine walio na dawa zaidi ya moja, haya ndiyo yanayoharibika mara nyingi kaunta ya kemisti. Dawa za maji za magnesiamu na aluminiamu hukamata dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge cha ARV cha kila siku. Meza ARV saa mbili kabla ya dawa ya maji au saa sita baada yake. Mpango huo huo utumike kwa siprofloksasini. Doksisaiklini, dawa ya tezi ya levothairoksini na madini ya chuma zote zitengwe nayo. Omeprazoli haina ugomvi na dolutegraviri, lakini haipatani na ARV nyingine, atazanaviri wala rilpivirini, na hudhoofisha klopidogreli inayopewa waliozibuliwa mishipa ya moyo. Hao wa klopidogreli waulize kuhusu pantoprazoli. Si lazima utangaze ugonjwa wako mbele ya foleni. Mwombe mfamasia msogee kando, au mwonyeshe pakiti. Na mwenye ranitidini, dawa nyingine ya asidi, ya zamani kabatini aitupe: mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni Aprili 2020 baada ya kukutwa na NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, inayoongezeka kadiri dawa inavyokaa, hasa kwenye joto. Famotidini ni ya jamii hiyo hiyo na haina tatizo hilo.

Sasa mama mtarajiwa. Kiungulia cha miezi saba ni cha kawaida, kwa sababu homoni za mimba hulegeza mlango wa umio na mtoto analisukuma tumbo juu. Omeprazoli haijulikani kumdhuru mtoto, na hata kliniki ya wajawazito wakati mwingine huiandika, ila si dawa ya kuanza nayo wala ya kuchukuliwa mfukoni kwa mume. Aanze na milo midogo midogo, mchago ulioinuliwa, na dawa yenye aljineti au kabonati ya kalsiamu baada ya kula. Eno na magadi aviache kwa sababu ya sodiamu. Vidonge vyake vya chuma na foliki, vile vya kliniki vyenye miligramu 60 za chuma, avitenge na dawa yoyote ya asidi kwa saa mbili, na kama amekuwa akimeza kapsuli zako kila siku awaambie kliniki, maana asidi ndiyo husaidia chuma kiingie mwilini. Kama anatafuna odowa, lile jiwe la udongo, nalo huzuia chuma. Diklofenaki yako asiiguse kabisa: kwa mimba ya umri huo inaweza kuathiri figo na mshipa wa moyo wa mtoto.

Lakini uwe macho na jambo moja. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, yakija na kichwa kinachogonga, macho kuona vimulimuli, au uso na mikono kuvimba, yanafanana na kiungulia na siyo. Hiyo huwa presha ya mimba, na aljineti haitaigusa. Mwachie mke namba ya jirani mwenye gari, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama wewe uko zamu.